Shahada Nyuma ya Utepe

Hidaya Mkumbukwa alipoingia Chuo Kikuu cha Taifa kusomea shahada ya kwanza ya uhandisi wa umeme na kompyuta, hakuwa na mjomba wizarani. Hakuwa na kompyuta, hakuwa na kikokotoo, hakuwa na koti la maabara. Hakuwa na miwani, ambayo katika nchi ile ilihesabiwa kuwa nusu ya uhandisi. Hakuwa na mazoea ya kucheka mkubwa anapotania. Na nyumbani kwao hakukuwa na umeme. Akili alikuwa nayo, lakini fomu ya kujiunga haikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo.

Nchi yenyewe ilikuwa na jina zuri. Silitaji kwa sababu wakati wa mambo haya lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa maboresho, na kamati haijarudi.

Kuhusu umeme wa nyumbani kwao ni lazima nieleze vizuri, nisije nikaonekana naisingizia serikali. Mji mdogo wa Kibigiri, alikozaliwa Hidaya, ulikuwa na nguzo. Ulikuwa na nyaya zilizofika hadi kwenye kuta za nyumba. Ulikuwa pia na transfoma mpya, iliyokaa juu ya nguzo mbili mbele ya mashine ya kusaga ya mama yake, Bi Sikudhani. Kilichokosekana ni uzinduzi. Transfoma ilikuwa imezungushiwa utepe wenye rangi za taifa ikimsubiri mgeni rasmi, na sheria ya nchi ilisema wazi kwamba chombo cha umma ambacho hakijazinduliwa hakipo. Kwa hiyo Bi Sikudhani alisaga mahindi ya watu kwa injini ya dizeli, chini ya transfoma isiyokuwepo, na injini ikikohoa naye anakohoa. Utepe ulipopauka kwa jua, gari la wizara lilikuja na ngazi na kufunga mwingine. Mtu asiseme hakukuwa na matengenezo.

Siku ya kuondoka, mama yake hakumpa hotuba.

"Nenda ukasome, mwanangu, uje uwashe kile kidubwana," alimwambia. "Kifua changu kimechoka na huu moshi."

Wenzake wengi walikwenda chuoni kutafuta shahada. Hidaya alikwenda kutafuta swichi.

* * *

Kitivo cha Uhandisi kiliongozwa na Profesa Mtengeti, msomi wa kuheshimika aliyekuwa ameandika kitabu kinene kuhusu umuhimu wa kuandika vitabu. Siku ya kwanza aliwapeleka wanafunzi wapya kuiona maabara. Waliiona. Lilikuwa jengo zuri la matofali ya kuchoma, lenye madirisha makubwa, na mlangoni palikuwa na utepe.

Profesa alieleza kwamba vifaa vyote vimo ndani, vya kisasa kabisa, ila maabara haijazinduliwa. Anayetaka kuhakikisha angeweza kuchungulia dirishani kwa zamu, bila kuegemea kioo. Hidaya alichungulia. Aliona meza ndefu, na juu yake vitu vilivyofunikwa kwa nailoni, kimoja kikubwa, vingine vidogo. Aliandika daftarini: kikubwa, vidogo. Lilikuwa somo lake la kwanza la vifaa.

Pembeni ya mlango, kwenye kiti chenye mto, aliketi Bwana Pekosi, Afisa Mtunza Utepe Daraja la Kwanza. Alivaa sare iliyopigwa pasi, na magotini alishika kisanduku chenye kitambaa laini chekundu ndani, ulimolazwa mkasi. Kila mwaka alipewa cheti cha mfanyakazi bora, maana katika utumishi wake wote utepe wake haukuwahi kukatwa.

Masomo hayawezi kusimama kwa ajili ya utepe. Kitivo kilibuni njia yake ya kufundisha kwa vitendo, na wageni wengi walikuja kuistaajabia. Profesa alichora saketi uwanjani kwa chokaa, na wanafunzi wakawa ndio mkondo wa umeme, wakiizunguka mmoja nyuma ya mwingine. Mwanafunzi mnene kuliko wote aliwekwa mahali penye ukinzani, ili wenzake wapite kwa shida. Profesa aliposhusha mkono swichi ilikuwa imewashwa, watu wakatembea. Alipouinua wakasimama pale pale, hata kama ni juani. Aliyeteuliwa kuwa taa alisimama upande wa pili, na mkondo ulipomfikia alitabasamu.

Somo la kompyuta lilifanyika ukumbini. Aliyesimama alikuwa moja na aliyeketi alikuwa sifuri. Darasa zima kwa pamoja liliweza kujumlisha namba mbili kabla ya chakula cha mchana, iwapo hakuna aliyekwenda msalani. Akienda mtu msalani, jibu lilipungua.

Mwaka wa kwanza Hidaya alikuwa taa. Ripoti yake ilisema: mwenye bidii, ila hutabasamu kabla mkondo haujafika. Baadaye alipandishwa kuwa swichi ndogo, na mwaka wa nne akawa betri, cheo ambacho wanawake hawakuwahi kukishika hapo kabla. Gazeti la chuo lilimpiga picha akiwa betri.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kanuni za shahada zilitaka mtihani wa mwisho ufanyike ndani ya maabara, mwanafunzi akishika vifaa kwa mikono yake. Kwa sababu hiyo kitivo kilikuwa hakijatoa mhandisi hata mmoja tangu maabara ijengwe, na kilisifiwa kwa kulinda viwango.

Mwenyekiti wa wanafunzi alikuwa kaka Kasiano. Aliingia chuoni akiwa kijana asiye na ndevu. Sasa alisoma darasa moja na mwanawe, na mwana ndiye aliyekuwa akimwazima baba madaftari. Hidaya alipoanza kulalamika kwamba mwaka wa nne umekwisha na wa tano unakaribia kwisha, Kasiano alimtazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeshika njia isiyo yake.

"Dada, haraka ya nini?" alisema. "Hapa kuna kitanda, kuna maharage, kuna heshima. Wewe ni betri. Huko nje utakuwa nani?"

Wiki ile mama yake Hidaya alikuwa amempigia simu kutoka Kibigiri, na kikohozi kilichukua sehemu kubwa ya mazungumzo kuliko maneno.

* * *

Akamwendea Bwana Pekosi. Alimwamkia kwa adabu, akamsifia mkasi, kisha akamwambia kwamba ameliona jengo hilo kwa nyuma.

"Nyuma pana mlango, mzee wangu."

"Upo."

"Hauna utepe."

Bwana Pekosi alifikiri. "Hauna," alikubali.

"Basi mtu akipitia kule hajakata utepe wowote. Ataingia, atafanya mtihani, atatoka. Utepe wako unabaki mzima."

Bwana Pekosi alimshukuru sana. Alisema katika miaka yake yote hajapata kuona mwanafunzi mwenye uchungu na mali ya umma namna hii. Aliinuka, akafunga kisanduku, akaenda kutoa taarifa. Kamati ikakaa. Mwisho wa mwezi mlango wa nyuma ulikuwa na utepe, na shemeji yake Bwana Pekosi alikuwa ameajiriwa kuutunza. Hidaya alipewa barua ya pongezi, nakala kwa Mkuu wa Chuo.

Hapo alielewa kwamba njia ni moja: mgeni rasmi lazima aje.

Kumwalika Waziri hakukuwa kazi ngumu. Kazi ilikuwa kumpata akiwa bado Waziri. Bamba la marumaru lilipaswa kuwa na jina la mzinduzi, na fundi mchongaji, mtu makini asiyependa kuharakishwa, alikuwa akifika kwenye herufi za mwisho Baraza linabadilishwa. Ikafika mahali mawaziri wenyewe walimpigia simu asubuhi kumwuliza leo anachonga nini. Mmoja alipoambiwa kwamba jina lake limekamilika lote, alilia kwa furaha. Jioni redio ikatangaza kwamba amepangiwa kazi nyingine. Mabamba yaliyopitwa na wakati hayakutupwa. Yalitumika kusakafia njia ya kwenda bwalo la chakula, na wanafunzi walipokwenda kula walikanyaga historia ya wizara kwa mpangilio.

Ni Hidaya aliyeshauri bamba liandikwe "Mheshimiwa" tu, na nafasi ya jina iachwe wazi. Profesa Mtengeti alilichukua wazo hilo, akalifanyia utafiti, akalitoa kama lake. Siku ya uzinduzi ikapangwa.

* * *

Mahema yalifungwa. Kwaya ilifika, na viti vya plastiki vilipangwa kwa vyeo, vyenye vitambaa mbele na visivyo na vitambaa nyuma. Kasiano alikuwa mshereheshaji, amevaa suti ya mwanawe.

Saa tatu ilikuja simu kwamba Waziri amebanwa na majukumu ya kitaifa, na atawakilishwa na Naibu wake. Watu wakapiga makofi. Saa nne Naibu alikuwa amebanwa pia, akimwakilisha Waziri kwenye uzinduzi wa kisima. Angewakilishwa na Katibu Mkuu. Kwaya ikaimba tena ule wimbo wa kumkaribisha, ikibadilisha cheo. Katibu Mkuu alimteua Mkuu wa Mkoa, na Mkuu wa Mkoa, aliyekuwa njiani, aliona ni busara kurudi na kumteua Mkuu wa Wilaya. Huyu alikuwa na msiba. Akamteua Mkuu wa Chuo, ambaye alikuwa nje ya nchi akihudhuria mkutano kuhusu uwajibikaji, na kwa simu akamteua Profesa Mtengeti.

Profesa alisimama, akafunga kifungo cha koti, kisha akaketi tena. Alikuwa amekumbuka itifaki: yeye ni mwenyeji, na mwenyeji hawezi kuwa mgeni wake mwenyewe. Akamteua mwenyekiti wa wanafunzi. Lakini Kasiano alikuwa ameshika kipaza sauti, na mshereheshaji hawezi kumkaribisha yeye mwenyewe jukwaani bila kuleta mkanganyiko. Akatazama huku na huku akitafuta mtu asiye na kazi. Kila mwanafunzi alikuwa na lake: wengine kwaya, wengine maji, wengine mkondo wa kuburudisha wageni. Siku hiyo saketi ilikuwa fupi isiyohitaji betri.

"Mheshimiwa Hidaya Mkumbukwa," Kasiano alitangaza, "karibu meza kuu."

Hotuba ya Waziri ilikuwa imeshaletwa na dereva. Katika nchi ile anayesoma kwa niaba haruhusiwi kubadilisha neno, kwa hiyo Hidaya alisoma kama ilivyoandikwa. Alisema kwamba yeye, akiwa baba wa watoto saba na mpiganaji wa zamani, amefurahi sana kuwa nao. Alisema alipokuwa kijana alitembea pekupeku kwenda shule, na kwamba tezi dume lisiwafanye wanaume waone haya kwenda hospitali. Profesa alitikisa kichwa kwa kuafiki. Alisema kila mji utawaka taa hivi karibuni, kwa maana transfoma zote ziko tayari. Hapo sauti yake ilitetemeka kidogo, na magazeti yaliandika kwamba Waziri aliguswa.

Kisha akaongozwa mlangoni. Bwana Pekosi alikuwa amesimama kakamavu, machozi yakimtiririka, kisanduku wazi mikononi.

"Mkasi huu hapa, Mheshimiwa," alisema. Halafu kwa sauti ya chini: "Ukate taratibu, mwanangu. Nimekaa nao muda mrefu."

Aliukata. Kwaya iliimba. Mlango ulifunguliwa, na harufu ya nailoni ya zamani ikatoka kuwalaki.

* * *

Vifaa vilikuwemo kweli, jambo ambalo nalisema kwa sababu najua msomaji alishaanza kuwa na mawazo mabaya. Kompyuta zilipowashwa ziliuliza tarehe, zikaambiwa, zikakataa kuamini. Ndani ya kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme mjusi alikuwa ameanzisha ukoo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa umepangwa siku hiyo hiyo. Wasimamizi waliketi, majina ya watahiniwa yakaanza kuitwa. Kwa mazoea, waliotangulia walipewa betri, waya na taa, wakaviweka chini na kuanza kutembea kuizunguka meza mmoja nyuma ya mwingine. Ilibidi wakumbushwe kwamba sasa umeme utatembea wenyewe.

Hidaya alipojongea mezani, Profesa alimzuia kwa heshima kubwa.

"Mheshimiwa, wewe kiti chako ni kile." Alionyesha kochi lililowekwa kona, pembeni yake soda na sahani ya korosho. "Mgeni rasmi hapewi mtihani. Hupewa zawadi." Na zawadi ilikuwepo: kinyago cha twiga.

"Profesa, mimi ni mtahiniwa. Jina langu limo."

"Jina limo, lakini mwenye jina amepanda cheo. Nikikutahini ukashindwa, nitakuwa nimemfelisha Waziri. Ukifaulu, watu watasema umependelewa. Njoo mwaka ujao, ukiwa mtu wa kawaida."

Hidaya alikitazama kinyago. Akaitazama taa iliyokuwa mezani, ndogo, inayotosha kiganjani. Mwaka ujao maana yake ilikuwa utepe mwingine, ambao Bwana Pekosi alikuwa ameshaanza kuupimia mlango. Ilikuwa pia kifua cha mama yake kwa mwaka mwingine. Akamgeukia Bwana Pekosi, aliyeijua itifaki kuliko wote, akamwuliza kama mwakilishi naye anaweza kubanwa na majukumu.

"Anaweza," alijibu Bwana Pekosi. "Yeyote mwenye majukumu anaweza kubanwa nayo."

"Na akibanwa?"

"Anateua."

"Anateua nani?"

"Kanuni inasema anateua. Haisemi nani."

"Basi nimebanwa," Hidaya alisema. "Kaka Kasiano, utaniwakilisha."

Kasiano hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikaa kwenye kochi, akavuta sahani ya korosho, akakipakata kinyago cha twiga. Inasemekana jina lake lilipoitwa kwenye mtihani aliinua mkono kwa utulivu wa kiserikali na kusema kwamba wageni rasmi hawatahiniwi. Yuko kule kule kitivoni hadi leo, na mwanawe anamletea chai.

Hidaya aliunganisha waya wa kwanza, akaunganisha wa pili, akabonyeza. Taa iliwaka. Profesa Mtengeti, aliyekuwa amefundisha taa kwa muda mrefu kwa kutumia meno ya wanafunzi, aliinama akaitazama kwa karibu, akavua miwani, akaivaa tena.

"Haitabasamu," alisema mwishowe. "Lakini inatosha."

* * *

Mhandisi wa kwanza wa maabara ile hakuachwa bila kazi. Wizara ilimwajiri mara moja katika Idara ya Uzinduzi, akapewa meza, simu, na miwani. Kazi yake ilikuwa kukagua vyombo vilivyokuwa vikisubiri tepe zao na kuthibitisha kwa saini kwamba bado ni vizima. Likizo yake ya kwanza aliitumia kupanda nguzo za Kibigiri, mama yake akiwa chini anamkemea kwamba ataanguka. Aliikagua transfoma yote. Haikuwa na kasoro. Alitia saini, na fundi wa shirika la umeme wa mji ule akaahidi kwamba siku utepe ukikatwa, yeye atainua swichi kabla makofi hayajaisha.

Kilichobaki ni mgeni rasmi. Mwaliko wa Kibigiri ulikuwa umepanda na kushuka ngazi za serikali kama ule wa chuo. Waziri alimteua Naibu, Naibu akamteua mwingine, na asubuhi moja ukatua kwenye meza ya Hidaya mwenyewe, ukiwa na saini nyingi kuliko maneno. Yeye ndiye mwakilishi.

Alimpigia mama yake simu kumweleza. Kwa nyuma alisikia injini.

"Njoo basi leo," alisema Bi Sikudhani.

"Siwezi kuja hivi hivi, mama. Sasa mimi ni afisa. Kanuni inataka jukwaa, mahema, zulia, kwaya, na chakula cha msafara. Bajeti ya zulia inapitishwa mwakani."

Mama alikohoa, akatulia, akakohoa tena.

"Hidaya. Yule Naibu tulimchinjia mbuzi, hakuja. Tukamla wenyewe. Katibu sijui wa nani, tukamchinjia, hakuja. Mbuzi wa mji huu wamekwisha kwa kuwangoja wageni. Na wewe nikuchinjie?"

"Hapana, mama."

"Nilikupeleka ukasomee kuwasha, si kuja na zulia."

Hidaya alikata simu. Kisha akavuta karatasi yenye nembo ya taifa na kuandika, kwa lugha ambayo hakuna mkuu yeyote angeweza kuipinga:

"Kwa Bi Sikudhani, Mwendesha Mashine ya Kusaga, Kibigiri. Ninayo heshima kukujulisha kwamba, kwa kuwa nimebanwa na majukumu ya kitaifa, nimekuteua kuwa mgeni rasmi kwa niaba yangu, na kwa niaba ya wote walioniteua mimi, hadi kwa Mheshimiwa Waziri, katika uzinduzi wa transfoma iliyo mbele ya mlango wako. Kwa kuwa tayari uko Kibigiri, huhitaji msafara. Kwa kuwa ni nyumbani kwako, huhitaji zulia. Mkasi wa serikali ukikosekana, kisu cha kukatia kamba za magunia kinakubalika. Uzinduzi ufanyike mara upatapo barua hii. Mwite fundi kwanza. Usibanwe na majukumu, mama."

Aliisoma mara moja. Akaona neno la mwisho si la kiofisi, akaliacha. Akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki, akalamba gundi, akaifunga, na juu ya mfuniko akagonga muhuri wa Wizara kwa nguvu hadi kikombe cha chai kikaruka. Dirishani aliliona gari lenye ngazi likiwashwa uani. Lilikuwa linaondoka kwenda Kibigiri kufunga utepe mpya. Akashuka nayo mbio, akamkabidhi dereva mkononi.